Kadi Iliyosema Elburgon

Ugomvi aliokuwa nao Naliaka na kitambulisho chake ulizidi ugomvi aliokuwa nao na binadamu yeyote wa Elburgon, na binadamu aliogombana nao hawakuwa wachache.

Alizaliwa hapo hapo, katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Kitovu chake kilizikwa nyuma ya jiko la kambi. Baba yake alitoka Bungoma akifuata kazi ya reli, kisha ya mbao, na mama yake akaja nyuma akiwa ameolewa. Yeye mwenyewe Bungoma hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Aliolewa na Khaemba, mpasuaji mbao wa kiwanda hicho hicho, wakamzaa Maxwel. Khaemba alipokufa, ndugu zake walikuja na gari wauchukue mwili wakauzike kwao. Naliaka alisimama mlangoni na shoka la kuchanjia kuni, akawaambia mume wake amekula vumbi la mbao za Elburgon maisha yake yote, kwa hiyo udongo wa Elburgon ndio utamla. Gari lilirudi tupu. Mpaka leo hao mashemeji hawamsalimii, na yeye hajaona hasara.

Sasa mtu kama huyo, kitambulisho chake kilisema kwao ni Bungoma.

Siku alipokwenda kukichukua, akiwa bado mwanamke wa nguvu, karani alimuuliza jina. Akasema Naliaka. Akaulizwa kwao, akasema Elburgon. Karani akacheka, akasema, "Hilo ni jina la Bungoma. Kuna Naliaka wa Elburgon kweli?" Akaandika anavyojua yeye. Naliaka alipewa kadi yake akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo miaka mingi akiamini inasema ukweli.

Alikuja kujua alipoingia gumbaru, ile shule ya watu wazima. Alijifunza N ya Naliaka na K ya Khaemba. Halafu mwalimu akawapeleka stesheni ya zamani ya reli, wakasoma bango: ELBURGON. Neno hilo lilimwingia kichwani kama msumari. Akarudi nyumbani mbio, akaigeuza kadi, akalitafuta. Hakuliona mbele. Hakuliona nyuma. Kesho yake akamuuliza mwalimu hapa pameandikwa nini, mwalimu akasoma, "Bungoma." Naliaka akachukua kiti chake, maana kila mwanafunzi alikuja na chake, akaenda zake. Gumbaru hakurudi tena. Herufi mbili na neno moja zilimtosha kujua ameibiwa.

Pengine angesahau. Lakini ukaja ule mwaka wa uchaguzi na kuchomeana nyumba. Vijana waliofika kwake walimwambia arudi kwao. Akawaambia, "Niko kwetu." Mmoja akadai kitambulisho, akakisoma kwa sauti, akakichezesha hewani mbele ya wenzake. "Mathe," akamwita mama kwa lugha yao ya mitaani, "hata kadi yako inajua kwenu ni wapi!" Wakacheka. Kisha nyumba yake ya mabanzi ikaungua, nyumba aliyoijenga kwa yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Moto wa mabanzi makavu hauna mzaha. Alikaa kwenye hema la kanisa mpaka watu walipochoka kuuana, akarudi pale pale, akajenga tena kwa mabanzi yale yale, akaanza kuyauza kando ya barabara.

Kwa hiyo mwaka huu wa uchaguzi, chifu aliposema kwenye baraza kwamba asiye na kitambulisho asijisumbue kufika kituoni, Naliaka alitoka pale akiwa amevimba.

Alimkuta Mathenge amekalia lundo lake la mabanzi. Mathenge alikuwa jirani yake, mzee aliyestaafu ukarani wa ushirika wa maziwa, na kazi yake siku hizi ilikuwa kubishana naye.

"Kwani kura ni ya kadi ama ni ya mtu?" Naliaka akaanza hata kabla ya salamu. "Mimi nikifika pale, nani hanijui? Nusu ya foleni inapikia mabanzi yangu!"

"Mama Maxwel, sheria ni sheria," akasema Mathenge. "Ndugu yangu Nicodemus amelala kaburini, lakini kila uchaguzi walikuwa wanaandika amepiga kura. Maiti inaamka mapema kuliko mimi! Ni kitambulisho na hiyo mashine ya kidole vilivyomrudisha kaburini."

"Na huyo mwizi aliyempigia Nicodemus kura, watu si walimwona kwa macho kwamba si Nicodemus?"

"Walimwona."

"Wakanyamaza?"

"Wakanyamaza."

"Basi shida ni midomo yao. Kadi haina mdomo."

"Kadi ina jina na picha."

"Yangu ina uongo! Shuka kwenye mabanzi yangu, yanapinda."

Usiku huo alifikiri, akaona kubishana na Mathenge ni kupiga maji rungu. Kama lazima aingie kituoni ameshika kadi, basi kadi iseme ukweli. Wiki moja kabla ya kura alivaa koti la Khaemba, akaenda Nakuru kwenye jengo la serikali ambako, aliambiwa, mambo ya vitambulisho hurekebishwa.

Getini akakuta askari wa kulinda jengo na meza yenye rundo la vitambulisho. Ndiyo desturi ya majengo hayo: huingii mpaka uache kadi yako, unaichukua ukitoka.

"Mathe, acha kitambulisho hapa."

"Nakuja kurekebisha hicho hicho kitambulisho."

"Hata kama. Acha hapa."

"Sasa ndani nitawaonyesha nini? Ulimi?"

"Mathe, usinitie kwenye shida. Kuna watu nyuma yako."

Akaiacha. Ndani alipanda ngazi, akaulizwa na kijana wa tai aliyekuwa anakunywa chai, "Kitambulisho kiko wapi, mama?" Akasema kiko kwenye geti lenu. Kijana akasema bila kitambulisho hawezi kumsaidia. Naliaka akamwambia basi ashuke naye getini. Kijana akasema hiyo si kazi yake. Hapo Naliaka akapandisha sauti mpaka milango ya ofisi nyingine ikafunguka. Alimweleza mambo ya kitovu, ya kambi, ya karani aliyecheka, ya moto. Yule kijana akaona aibu, au aliona chai inapoa. Akanyanyua simu, akaongea Kiingereza kidogo, akakata. "Haya mama, tumesikia. Tutashughulikia. Shuka tu getini uchukue kitambulisho chako."

Naliaka akashuka. Getini palikuwa na msukumano, watu wanatoka kwa chakula cha mchana. Askari akachomoa kadi kwenye rundo, akamsukumia. Naliaka akaisogeza karibu na pua, maana macho yake hayakuwa ya jana. Akaona N. Akaona K. Akaigeuza nyuma.

ELBURGON.

Alisimama pale, watu wanamgonga mabega. Akaipitia herufi kwa herufi kwa ukucha, kama mtu anayechambua mchele. Ilikuwa ni yenyewe, ile ya bango la stesheni. Kumbe ile simu ilikuwa ya kweli! Kumbe ukiwapigia kelele wanafanya kazi! Picha hakuihangaikia. Picha za vitambulisho vya zamani zote ni ukungu wa kitambaa cha kichwa na macho mawili yaliyoshtuka.

Alirudi Elburgon akiwa mtu mwingine. Kadi ilitolewa kwenye kitambaa kila aliponunua sukari. Mathenge alipokuja kukalia mabanzi, alipigwa nayo kwenye goti.

"Soma nyuma hapo!"

Mathenge alikuwa ameacha miwani nyumbani, lakini neno lile kubwa aliliona. "Elburgon. Hongera, Mama Maxwel. Kwa hivyo sasa unakubali kadi ni muhimu?"

"Kadi ya ukweli ni muhimu. Asiye na yake akae nyumbani asitusumbue."

Mathenge alicheka mpaka akakohoa. Naliaka hakuona cha kuchekwa.

Siku ya kura baridi ya vilima vya Mau ilishuka na ukungu wake wote. Kituo kilikuwa shule ya msingi. Naliaka alifika mapema, foleni tayari imezunguka madarasa, na Mathenge alikuwa watu wachache nyuma yake. Ilipofika zamu yake alimkabidhi karani kadi, nyuma ikitazama juu ili aanze na lile neno. Karani akaigeuza. Akaangalia picha, akamwangalia yeye, akaiangalia picha tena. Akamwita msimamizi wa kituo, msichana wa miwani aliyeitwa Edinah.

"Mama, jina lako ni nani?"

"Naliaka Khaemba. Si imeandikwa hapo?"

"Hapa imeandikwa Nyakio Karanja."

Naliaka akaigusa kadi kwa ukucha. "Soma vizuri, mwanangu. N hiyo. Na K hiyo."

"Nimesoma vizuri. Hiki kitambulisho si chako."

Jamleck, kijana aliyekuwa ajenti wa mgombea mmoja, aliruka kwenye benchi lake. "Si nilisema? Wanaletwa hapa na kadi za watu! Afisa, huyu akamatwe. Mama, rudi kwenu ukapige kura huko."

Lo! Angetukana lolote jingine. Angemwita mchawi. Lakini neno lile ndilo lilikuja na moto ule mwaka, na Naliaka alilijua harufu yake.

"Wewe Jamleck," akasema, na sauti yake ikafika nje kwenye foleni, "nyanya yako alipomzaa mama yako, ni mama yangu aliyechemsha maji. Kitanda ulichozaliwa juu yake ni cha mbao alizopasua Khaemba. Niambie tena nirudi wapi. Niambie, tusikie wote!"

Jamleck akatazama viatu vyake. Polisi wa zamu, Kipsang, alikuwa amekwisha sogea na pingu zake, akasimama njia panda, hajui amshike nani.

"Niwekeni kidole kwenye hiyo mashine!" Naliaka akasema. "Kidole hakina mwenyewe mwingine. Mkiona sura ya mtu mwingine, nifungeni."

"Sheria ni kitambulisho kwanza, halafu kidole," Edinah akasema. "Siwezi, mama. Kweli siwezi."

Kutoka nje watu wakaanza kupiga kelele, tunamjua, huyo ni Mama Maxwel wa mabanzi, mwacheni apige kura. Wengine wakasema hapana, leo mkimruhusu yeye kesho mtaruhusu nani, kila mwizi ana watu wanaomjua. Wakabishana wao kwa wao mpaka mtu akasukumwa kwenye maua ya shule.

Ni Mathenge aliyepita katikati yao. Alikuwa na miwani leo. Akaomba kuiona kadi. "Nyakio wa Karanja! Huyu ni binti wa Karanja wa kambi ya juu, nilisoma naye darasa moja. Alichukulia kitambulisho hapa kwa baba yake, kisha akaolewa Kabazi. Nyakio alikuwa Nakuru juzi kwa mambo ya shamba la marehemu mumewe." Akageuka. "Mama Maxwel, uliacha kadi getini?"

Naliaka akaitazama kadi mkononi mwa Mathenge. Ilikuwa imemwingia. Askari, msukumano, rundo lile. Hakuna aliyerekebisha kitu. Ile simu ya Kiingereza ilikuwa ya kumtoa ofisini tu. Na yeye amekwenda akigonga watu magotini kwa kadi ya mwanamke mwingine! Aibu ilimchoma, na kwake aibu haikuwahi kukaa peke yake bila hasira.

Mathenge alimpigia simu binamu wa Nyakio, akapewa namba, akapiga tena, akaweka simu kwa sauti kubwa ili msimamizi asikie. Nyakio akaitika kwa furaha, sauti ya mtu aliyeko shambani.

"Nyakio, toa kitambulisho chako uniambie kimeandikwa nini."

"Kwani wewe huna kazi? Ngoja." Mkoba ukasikika ukifunguliwa. Kisha: "Ngai! Huyu mama ni nani?"

"Ndiye huyu, yuko hapa na chako. Usipige kura kabla hatuja—"

"Nilishapiga zamani huku Kabazi! Nilikuwa wa kwanza kwa laini. Nimepiga kura na huyu mama mkononi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Hawakuangalia kadi?" Edinah akauliza, amesahau kwamba hata si simu yake.

"Waangalie nini? Niliinyanyua tu hivi. Wakasema karibu cucu, karibu nyanya, weka kidole. Hapa wote wananijua."

Naliaka peke yake hakucheka. Alishika ukingo wa meza. "Mmesikia?" akasema polepole. "Kule amefika na kadi yangu, akaambiwa karibu. Mimi nimefika na yake, nikaambiwa mwizi. Kadi ni zile zile mbili. Kumbe hii sheria yenu haisomi kadi. Inasoma sura. Mwenye sura ya kwao anapita, mwenye sura ya kutiliwa shaka ndiye anasomewa herufi."

Edinah alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, huko walikosea. Mimi nikikosea pia, haitakuwa haki, itakuwa makosa mawili. Lete kadi yako, nitakuwekea kidole mwenyewe."

"Nakuja!" Nyakio akapaza sauti kwenye simu. "Mwambie huyo mama asiondoke. Kuna lori la kabeji linatoka hapa sasa hivi."

"Kituo kinafungwa jioni," Jamleck akanong'ona, lakini safari hii kwa adabu.

"Aliye kwenye foleni wakati wa kufunga hupiga kura," akasema Mathenge. "Hiyo pia ni sheria."

Basi Naliaka akarudi kwenye foleni. Akafika mbele, akampisha aliye nyuma, akazunguka akaanza tena mwisho. Watu walimletea kiti akakataa. Alisema akikaa watasema hakuwa kwenye foleni. Mtu akamletea chai, akainywa akiwa amesimama. Mathenge akapiga kura yake, akatoka, akaganda nje ya geti akitazama barabara. Jua lilichomoza likatoweka. Mchana mvua ya rasharasha ikampiga, koti la Khaemba likanuka kama mbao mbichi. Kila mara Edinah alichungulia mlangoni, na kila mara alimkuta mama yule yule amesimama kama kigingi. Roho ya Naliaka ilikuwa inasema jambo moja tu: wakifunga bila mimi kupiga, huyo aliyeshika kadi yangu mbele ya nyumba yangu inayoungua atakuwa alisema kweli.

Jioni Kipsang alifunga geti, kisha akaja, kama desturi, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Mtu wa mwisho alikuwa Naliaka. Mbele yake walikuwa wamebaki wachache, wakapungua, wakaisha.

Ndipo lori likapiga breki nje. Nyakio akashuka kutoka juu ya kabeji, mama mnene mwenye viatu vya mpira, akakimbilia geti akipunga kadi.

"Geti limefungwa," akasema Kipsang. "Hakuna kitu kinaingia."

"Kwani kitambulisho ni mtu?" Naliaka akamgeukia. "Mtu ni mimi, na niko ndani tangu asubuhi. Wewe mwenyewe umenisimamia mgongoni. Au nawe hunioni?"

Kipsang alimtazama, akatazama geti. Kipsang akatembea mpaka getini, akapitisha mkono kwenye vyuma, akaichukua kadi, akamletea. Alimpa kwa mikono miwili.

Karani akasoma: Naliaka Khaemba. Akageuza nyuma, akasoma tena kimoyomoyo, Naliaka akaona midomo yake ikitengeneza lile jina la Bungoma. Naliaka akaweka kidole. Mashine ikawaza kidogo, ikatoa sura yake, uso uliochukia kama ulivyokuwa wenyewe hapo mezani. Edinah akasema, "Karibu, mama." Naliaka akachukua karatasi zake, akaenda nyuma ya kibanda, akapiga kura. Alimpigia nani, hilo hata Mathenge hajaambiwa.

Nje, Nyakio alimkumbatia kama ndugu aliyepotea. Naliaka akamrudishia kadi yake, na vidole vikakawia kuiachia, nyuma ikitazama juu.

"Hapa Elburgon mimi sijalala tangu mama yangu azikwe," akasema Nyakio. "Wanangu wote ni wa Kabazi. Kadi bado inasema huku."

"Na mimi Bungoma sijawahi kulala."

"Si tubadilishane kabisa!" Nyakio akacheka.

Mathenge akacheka. "Lakini Mama Maxwel, kubali. Mwishowe ni kitambulisho kilichokuingiza."

"Kilichoniingiza ni miguu yangu," akasema Naliaka. "Kitambulisho ndicho kilichonisimamisha nje. Nenda nyumbani, Mathenge, kabla sijakuchukia."

Wiki iliyofuata alivaa tena koti la Khaemba, akaenda Nakuru. Askari alikuwa yule yule, na meza ile ile, na rundo.

"Mathe, acha kitambulisho hapa."

"Siachi."

"Basi huingii."

"Basi siingii. Mwite yule wa tai ashuke. Mwambie Naliaka wa Elburgon yuko getini, na leo hata akipiga simu ya Kiingereza mpaka mate yamkauke, haondoki."

"Mathe, utazuia watu."

"Wanizunguke."

Akaketi chini katikati ya geti, kadi kwenye ngumi, ngumi kwenye mfuko. Watu wakaanza kumzunguka.